Bagula na Kibuyu cha Hilliard

Bagula alikuwa mtu mwema kwa mambo yote isipokuwa moja, na hilo moja lilikaa Hilliard, kiungani mwa Columbus, kwenye nyumba ya vyumba vinne yenye gereji ya magari mawili na nyasi zilizokatwa vizuri. Jina lake Polycarpe.

Nisije nikaonekana namsengenya mzee wa watu. Muulize yeyote wa mtaa wa Kensington-Bailey, Buffalo, atakuambia Bagula hana makuu. Alfajiri saa kumi na moja ameshawasha gari, anawapitia wenzake watatu wasio na usafiri, anawapeleka Cheektowaga kwenye ghala la vipuri vya magari wanakofanya kazi. Mgonjwa akilazwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na uji. Familia mpya ikishuka kutoka kambi za wakimbizi, yeye huleta masufuria. Jumapili ni shemasi katika kanisa la Kipentekoste linalosali kwenye ukumbi wa kukodi, na akisimama kuomba hata watoto hukaa kimya. Lakini umtaje Polycarpe! Shingo inavimba, sauti inapanda, utadhani ameuziwa mbuzi mgonjwa.

Walikuwa ndugu, maana babu zao walizaliwa tumbo moja. Wote wawili ni wa Bushi, kwenye milima iliyo juu ya Ziwa Kivu, kilima kimoja kiitwacho Nyakabulo. Wote walikimbia vita ileile na kuishi kambini. Lakini Polycarpe aliitwa Marekani miaka mitatu mbele, akashushwa Columbus, na tangu siku hiyo kila alichopata Bagula kilikuwa kimekwisha patwa na mwenzake. Bagula aliponunua gari lake la kwanza, bovu kidogo lakini linakwenda, alipigiwa simu kuambiwa Polycarpe amenunua la viti vinane. Bagula alipopata uraia, alikuta picha ya Polycarpe ameshika bendera, ya miaka miwili nyuma. Hata kisukari, Polycarpe alikipata kwanza. Bagula aliposikia alikuwa na yeye ametoka kupimwa, na amini usiamini, iliuma.

Haya yote angeyameza. Kilichomshinda kumeza kilikuwa cha zamani zaidi, na kwa muda mrefu kililala. Kikaamshwa Jumanne moja ya mwezi wa nne, aliporudi kazini na kumkuta mkewe Chimène amekaa mezani bila kazi mkononi. Chimène hakuwa mtu wa kukaa bila kazi mkononi.

"Papa Gloire, ikala kwanza," akasema. "Batu ya Louisville balifika."

"Balifika wapi? Hapa sioni mutu."

"Hilliard. Kwa Polycarpe. Balienda kuomba Gloire."

Bagula hakukaa. Gloire alikuwa binti yake wa pekee, mwenye miaka ishirini na sita, anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee pale pale Buffalo. Alikuwa amependana na kijana wa Louisville, Aganze, na Bagula alijua, alikubali, alikuwa anangoja tu wazee waje kubisha hodi. Alikuwa amenunua viti sita vipya kwa ajili ya makalio yao.

"Gloire ni mutoto ya nani?" akauliza polepole.

"Ni wetu. Mi najua. Lakini papa ya Aganze anasema ye anafuata desturi. Anasema aliuliza mukubwa wa jamaa ya Nyakabulo ni nani, bakamuambia njo Polycarpe."

"Nani alimuambia?"

"Batu ya parokia. Bo banajuana bote, bakatoliki."

"Na Polycarpe alisema nini?"

Chimène akatazama meza. "Alibapatia soda. Bon, akabapatia na tarehe."

Hapo inafaa nieleze, maana msomaji asiye wa Bushi atasema hili ni jambo dogo. Kwao binti hatolewi na baba peke yake. Siku ya kumtoa, wakwe huleta kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu chenye mrija. Mkwe anaonja kwanza kuonyesha hakuna sumu, kisha binti mwenyewe anakibeba kibuyu kwa mikono miwili na kukipeleka kwa mkubwa wa jamaa. Mkubwa akinywa na kusema "tumemtoa", binti ametoka: huwaaga wazazi wake kwa magoti, kisha hufunikwa kitambaa cheupe na kuvushwa upande wa wakwe. Mkubwa asipokunywa, hata mkeshe mkicheza ngoma, hakuna arusi. Wanaofuata kunywa hupangwa kwa ukubwa, na kila mmoja hukumbuka alikunywa wa ngapi mpaka anaingia kaburini.

Na cha kuchekesha, ingawa hakuna aliyethubutu kumchekea, ni kwamba Bagula hakunywa pombe. Kanisa lake lilikataza. Tangu abatizwe hajawahi kuonja hata divai ya arusi. Alikuwa anataka kupigania kibuyu ambacho kikimfikia atagusisha mdomo tu na kumwambia mchungaji hakumeza.

Kwa nini Polycarpe aonekane mkubwa? Hapo ndipo penye donda. Zamani za Wabelgiji, Bushi ilikuwa na Mwami wake, yaani mfalme, na chini ya Mwami kulikuwa na wakubwa wa vilima. Wabelgiji hawakuvunja ule utawala. Waliukalia juu, kama mtu anavyomkalia punda. Mkubwa wa kilima aliyewaletea watu wa kuchimba barabara na kulima kahawa alivishwa medali shingoni, ya shaba yenye mnyororo, na kuitwa chifu. Asiyewaleta alivuliwa. Na waliomnong'oneza Bwana Administrata, Mbelgiji aliyetawala wilaya, nani avishwe na nani avuliwe walikuwa wamisionari: Mapadri Weupe upande mmoja, Waprotestanti upande mwingine, kila dini ikitaka chifu wake, maana chifu akibatizwa kilima kizima kinafuata.

Nyakabulo medali ilimwangukia Liberati, babu yake Polycarpe, mkatoliki. Babu yake Bagula, Azarias, alikuwa mprotestanti, akatoka mikono mitupu. Kwa Bagula hadithi ilikuwa hivi, naye aliisimulia kanisani, ghalani, mpaka kwa daktari wa meno: Azarias ndiye aliyekuwa mkubwa halali wa kilima, akaipokea Injili, akakataa kuwakatia mapadri miti ya kanisa lao, mapadri wakamchongea, wakampa mdogo wake medali. "Babu yangu alinyang'anywa kwa ajili ya Neno," angesema, kisha aongeze kwa fahari: "Na njo alikuwa mutu wa kwanza wa Nyakabulo kujua kuandika."

Wiki ile ghalani hakuzungumza jambo jingine. Nestori, msimamizi wa zamu yao, Mrundi aliyekulia kambi za Tanzania, alimsikiliza siku mbili, ya tatu akachoka.

"Mzee Bagula, nisamehe," alisema. "Mimi mwenyewe hii fulana ya usimamizi, ya rangi ya machungwa, nimevishwa na Mzungu. Hakuwauliza ninyi. Sasa Polycarpe kosa lake ni lipi?"

"Kosa yake ni kuvaa!"

"Basi nivue yangu?"

"We acha mambo ya fulana. Ya yule ni ya jamaa."

Nestori akacheka, akaenda zake kukagua masanduku. Bagula akabaki na roho yake inamuuma. Jioni alimweleza Gloire kwamba atakwenda kupigania haki yake. Gloire, aliyekuwa anavua viatu vya kazi, akamjibu kwa Kiingereza kama kawaida ya watoto wa huku: "Papa, it's just a drink."

Bagula alikasirika hata akashindwa kula. Kinywaji tu! Akalala akihesabu watu walio hai wanaoijua Nyakabulo ya kale. Akampata mmoja. Angelika, binti wa jamaa yao, shangazi yake kwa hesabu za ukoo, aliyekuwa amepita miaka tisini na kuishi Louisville na mjukuu wake Immaculée. Yule bibi alizaliwa kilimani zamani za Wabelgiji. Akisema mbele ya watu kwamba Azarias ndiye aliyekuwa mkubwa, nani atabisha?

Aliomba ruhusa ya Ijumaa, akaondoka Alhamisi baada ya kazi na kulala njiani kwa muumini mwenzake huko Cleveland. Ijumaa asubuhi akaingia Columbus. Barabara ya Louisville inapita tu, haimlazimishi mtu kwenda Hilliard. Bagula alijiambia hatakwenda. Alijiambia hivyo akiwa ameshakata kona ya Hilliard.

Polycarpe alikuwa nje, amevaa kaptula na kandambili, anamwagilia maua. Alikuwa mrefu, mnene kiasi, wa kucheka haraka. Alipoliona gari alitupa mpira wa maji chini, akaja amefungua mikono.

"Mudogo yangu!"

Mudogo yangu. Walikuwa wamepishana miezi minne. Bagula akakumbatiwa, akaingizwa ndani, akakalishwa kwenye kochi ambalo mtu anazama mpaka magoti yanafika kidevuni. Na ukutani, juu ya televisheni, ndani ya kioo chenye taa yake ndogo, ilikuwako medali. Alikuwa hajaiona tangu utotoni. Ilikuwa ndogo kuliko alivyokumbuka, na imesuguliwa.

"Nilikuwa natafuta kukupigia," Polycarpe alisema. "Hii mambo ya Gloire. Bale bazee balikuya bila kunijulisha, nikaona nibapokee kwa jina yako. Usifikiri mubaya, eh? Ile siku tutakuwa pamoja, mi na we."

"Pamoja, lakini nani atakunywa mbele?"

Polycarpe akatabasamu, kidogo kwa haya. "Bon. Unajua desturi, mudogo yangu."

Polycarpe angekuwa na dharau, Bagula angejua la kumfanya. Lakini yule bwana alimfungia samaki na ugali kwenye karatasi ya kung'aa kwa ajili ya njia, akamjazia chupa ya chai, akampimia hata upepo wa magurudumu. Bagula alimmaliza samaki kabla ya Cincinnati, kwa hasira. Alikuwa mtamu.

Angelika aliishi ghorofa ya chini katika majumba ya matofali, upande wa kusini wa Louisville. Immaculée alimfungulia, akamwonyesha kiti, akaondoka kwenda zamu yake. Bibi alikuwa amekaa karibu na dirisha, mdogo, amejifunga kitenge juu ya sweta, rozari mkononi. Macho yalikuwa yamefifia lakini masikio yalikuwa mazima kabisa.

"Wewe ni mutoto ya nani?" akauliza.

"Ya Safari, mutoto ya Azarias. Ni Bagula, shangazi."

"Azarias," bibi akasema, akaacha kuhesabu rozari.

Bagula akamwaga moyo wake wote. Akaeleza kibuyu, akaeleza Reginaldi, yaani baba yake Aganze, alivyopotea njia kwa kuwasikiliza watu wa parokia, akaeleza taa iliyo juu ya medali. Akamwomba aje siku ile aseme ukweli: kwamba mkubwa wa Nyakabulo alikuwa Azarias, na Liberati alimpora.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na Cikuru?"

"Cikuru gani? Ule ndugu yao alikufa kijana?"

"Alikufa kijana! Njo balikuambia vile?" Angelika akacheka, si kicheko cha furaha. "Cikuru alikuwa baba yangu. Njo alikuwa mukubwa. Liberati alimufuata, na Azarias alikuwa wa mwisho. Hakufa. Balimutoa."

Akasimulia bila haraka. Cikuru alikuwa mkubwa wa kilima kwa neno la Mwami, hakuvishwa na Mzungu. Mapadri walimtaka abatizwe. Alikuwa na wake wanne, wakamwambia afukuze watatu. Akauliza hao watatu watakula kwa nani. Waprotestanti wakaja, nao wakamwambia vilevile, kwa maneno mengine. Akawakaribisha wote kwa maziwa, akawakatalia wote. Kisha Administrata akataka watu wa barabara msimu wa kupanda maharage, na Cikuru akasema wangoje mvua ipite.

"Liberati akaenda kwa mapadri, akasema kaka yake anaficha batu. Donc, administrata akasema maneno ya mutu moya haitoshi, anataka karatasi. Na kilima yote, nani alikuwa anajua kuandika?"

Bagula alijua ni nani.

"Azarias alikuwa amefunguliwa macho na Bazungu bake ule mwaka," bibi akaendelea. "Aliandika barua ku meza ya baba yangu, sababu kwake hakukuwa meza. Mi nilikuwa na miaka saba. Aliniambia, shika wino, binti yangu. Nikashika. Nilikuwa nafurahi sana, sikuwahi kuona mutu anaandika."

"Alikuwa anaandika nini?"

"Ya kwamba kaka yake anaficha batu, na anatukana Serikali. Nilijua nyuma. Misionari akapeleka. Wiki mbili, askari bakakuya na kamba. Baba alipelekwa mbali, hakurudia. Mama yangu na bale bake bengine bakafukuzwa. Mi nikaokotwa na masista, bakanibatiza." Akainua rozari kidogo. "Kila moya wao alifikiri atavalishwa medali. Lakini mapadri njo balikuwa banakula ku meza ya administrata. Basi, Liberati akavaa. Azarias akarudia nyumbani, akaanza kusema alinyang'anywa juu ya Neno ya Mungu."

Nje gari la taka lilipita, likabinua mapipa, likaenda. Fahari yake yote ilikuwa kwenye ule mkono uliojua kuandika, na sasa alijua kitu cha kwanza ulichokiandika.

"Shangazi, kwa nini hukusema miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza? Wewe njo wa kwanza. Na wewe ulikuya kuniomba kiti ya baba yangu."

Akamwomba samahani. Aliomba kwa kweli, kwa magoti, na bibi akamwekea mkono kichwani, akamwambia chai iko jikoni. Kuhusu kusema au kutosema siku ya arusi hakumshauri kitu.

Njiani kurudi Bagula aliamua kulizika neno. Atanyamaza, Polycarpe anywe, yaishe, Gloire aolewe. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, nao ulidumu mpaka karibu na Columbus. Alipoona kibao cha Hilliard, wivu ukamfungua macho upande mwingine. Kumbe alikuwa na silaha! Nusu ya hadithi ile ilitosha kabisa. Liberati alimchongea kaka yake kwa mapadri. Hiyo ni kweli tupu, bibi mwenyewe shahidi. Barua nani anaijua? Alimaliza maili zote za kurudi Buffalo akiipanga hotuba, na ndani yake Azarias hakutajwa hata kidogo.

Siku ikafika, Jumamosi ya mwezi wa sita, alasiri, jua limependeza. Gereji ya Hilliard ilifunguliwa wazi, hema likasimamishwa juu ya nyasi, viti vikapangwa pande mbili. Watu wa Louisville walikuja na magari matano, Reginaldi mbele kwa suti ya kahawia, Aganze amekonda kwa wasiwasi, na Angelika ndani ya kiti cha magurudumu akisukumwa na Immaculée. Kasiksi ilipikwa na mama mmoja wa Columbus kwa ndizi mbivu na unga wa mtama, ikatiwa kibuyuni, na harufu yake iliwafanya wazee wengi wasahau mazungumzo. Gloire alivaa kitenge cha bluu. Alikuwa mzuri. Chimène alilia kabla ya wakati.

Kisha Polycarpe akatoka ndani ya nyumba. Alikuwa ameitoa medali kwenye kioo na kuivaa juu ya shati jeupe. Watu wakapiga makofi. Bagula, kwenye kiti cha pili, alijikaza.

Reginaldi akaonja, akafuta mdomo, akamkabidhi Gloire kibuyu. Binti akakishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaanza kutembea. Ili kumfikia Polycarpe ilimbidi ampite baba yake. Akampita. Pindo la kitenge likamgusa Bagula goti.

"Simama, mutoto yangu," Bagula akasema, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama tayari.

Gloire akasimama. Bagula akawageukia watu. Alisema vizuri, lazima nikiri. Miaka ya ushemasi haikupotea. Aliwaambia kwamba kabla ya Liberati kulikuwa na Cikuru, mkubwa wa kweli, aliyewapa mapadri maziwa akalipwa kamba. Aliwaambia nani alikwenda kwa mapadri kumchongea. Akaonyesha medali kwa kidole. "Ile chuma," akasema, "ni bei ya kaka." Minong'ono ikazagaa. Uso wa Polycarpe ukapauka. Bagula akaona utamu wa ajabu, utamu aliouota maisha yake yote, akavuta pumzi ili afunge.

"Na barua, Bagula?" ikasema sauti kutoka kwenye kiti cha magurudumu.

Watu wote wakageuka. Angelika alikuwa amekaa tu, mikono juu ya kitenge, anangoja kama alivyongoja miaka themanini na kitu. Bagula akamtazama mkewe, akamtazama Gloire aliyekuwa bado amekibeba kibuyu. Angeweza kusema hajui barua gani. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Barua aliandika babu yangu," akasema, na sauti ya shemasi haikuwako tena. "Azarias. Aliandika ku meza ya Cikuru, na binti ya Cikuru akamushikia wino. Ule binti njo huyu. Bote babili balimuuza. Ule wa mapadri na ule wa Waprotestanti. Mwenye kilima njo Cikuru, na damu yake njo iko pale."

Mtoto mdogo mahali fulani akacheka, akanyamazishwa. Bagula akafikiri: sasa nimepoteza, lakini na yeye amepoteza. Wazo hilo lilimliwaza kuliko linavyopaswa kumliwaza mtu wa Mungu.

Ndipo Polycarpe akafanya jambo ambalo Bagula hakulitarajia. Aliivua medali, akaitia mfukoni. Akaenda mwenyewe mpaka kwa Angelika, akamwomba Immaculée apishe, akakisukuma kile kiti taratibu juu ya nyasi mpaka mahali pa mkubwa, kisha akapiga magoti. "Shangazi, sikujua," akasema. "Utusamehe." Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja wa Louisville akasema kwa sauti, "Huyu njo mutu!" Na Bagula, aliyeivunja nyumba yake mwenyewe ili ukweli utoke, alisimama pale akimwona Polycarpe akisifiwa kwa ukweli ule ule. Hata kujishusha, amemtangulia.

Gloire akapeleka kibuyu kwa Angelika. Bibi akakishika kwa mikono iliyokunjamana, akavuta mrija, akameza. "Tumemutoa," akasema. "Aende na amani." Vifijo vikaanza, ngoma ikaitikia.

Kisha bibi akauliza, bila kumwangalia mtu, "Liberati na Azarias, nani alizaliwa mbele?" Na kwa kuwa Bagula alikwisha fundishwa jibu kule Louisville, bibi akampa kibuyu Polycarpe.

Polycarpe akanywa. Bagula alimhesabia mafundo: moja, mbili, tatu, na la nne refu. Kibuyu kikamfikia yeye, wa tatu, kwenye arusi ya binti yake wa pekee. Kilikuwa chepesi mno. Akakileta karibu na sikio, akakitikisa, asikie huyu bwana amembakishia kiasi gani. Ngoma zilikuwa zinapiga kelele, hakusikia vizuri. Akakitikisa tena, akafumba macho ili asikie. Kiasi kidogo kilicheza chini, nusu kikombe labda. Nusu kikombe! Akauweka mrija mdomoni, shemasi mzima, akavuta mpaka kibuyu kikakoroma.

Alipofumbua macho, upande wao ulikuwa umepungua watu. Wanawake walikuwa wamevuka nyasi na kuimba katikati ya watu wa Louisville, na katikati yao kilionekana kitambaa cheupe juu ya kichwa cha binti. Chimène alikuwa amesimama peke yake karibu naye, uso umelowa.

"Alishavuka?" Bagula akauliza. "Mbona hakuniaga?"

"Alikuaga," Chimène akasema. "Alipiga magoti hapa, mbele ya miguu yako. Alikuita mara mbili."

Bagula akatazama chini. Nyasi za Polycarpe, zilizokatwa vizuri, zilikuwa zimelala mahali pawili, ukubwa wa magoti ya mtu.

"Ulikuwa unasikiliza kibuyu," mkewe akasema, akakichukua mikononi mwake na kwenda kukiosha.